Kumwandaa mtoto kusoma na kuhesabu: anza na sikio, kisha mbegu

Mtoto hazaliwi na sehemu ya ubongo ya kusomea. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 na ushee tu, muda mfupi mno kwa maumbile kuyazoea. Anapojifunza kusoma, ubongo huazima eneo lililo nyuma, chini, upande wa kushoto, ambalo kazi yake ya awali ni kutambua sura na vitu, kisha huliunganisha na sehemu za sauti za lugha. Mwaka 2010 mtafiti wa ubongo Stanislas Dehaene na wenzake walipima watu wa Ureno na Brazili: wasiojua kusoma, waliosoma utotoni na waliosoma ukubwani. Kadiri mtu alivyosoma vizuri, ndivyo eneo hilo lilivyoitikia maandishi zaidi, hata kwa waliojifunza wakiwa watu wazima.

Muunganiko huo una pande mbili, na wazazi wengi hukimbilia upande wa macho. Herufi ikikosa sauti ya kushikamana nayo hubaki mchoro tu.

Kwa hiyo, mtoto wa miaka 4 au 5 mpe dakika 10 kwa siku bila kitabu. Tamka maneno matano, yeye apige kofi kwa kila silabi: ba-ba, ki-a-tu, ma-ha-ra-ge. Akizoea, geuza: wewe achanisha "ki… ti", yeye aunganishe. Kisha mwambie aondoe: "Sema kitabu bila ki." Akijibu "tabu", sikio liko tayari. Kuwa makini na m. Mtu ni makofi mawili, m-tu. Mbuzi pia ni mawili, mbu-zi, kwa sababu m imeshikana na b. Lakini mbu, yule mdudu, ni m-bu. Akikosea hapo si uzembe; tamka polepole asikilize tena.

Sasa leta herufi: irabu tano, halafu m. Sema "mmm", usiseme "mu", maana atakapounganisha mu na a atapata "mua" badala ya "ma". Fuata ma, me, mi, mo, mu, kisha konsonanti nyingine moja moja. Mapema kabisa mpe maneno ya kweli: mama, mume, meno, moto. Silabi nzito zenye ng', nyw na mbw zisubiri hadi hizi nyepesi azisome bila kusita.

Kosa kubwa kuliko yote ni wimbo. Mtoto anaimba "ba be bi bo bu" bila kukosea, mzazi anafurahi, kumbe hasomi. Kata vipande 10 vya katoni, andika silabi moja kwenye kila kimoja, vichanganye, kisha mwoneshe "bo" peke yake. Akilazimika kuanzia "ba" ili aifikie, amekariri mfuatano. Rudi kwenye vipande vilivyochanganywa kila siku.

Kugeuza b na d ni kawaida hadi miaka 7 hivi. Kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto, na ubongo umezoea kupuuza tofauti hiyo. Usimchape. Fundisha herufi hizo mbili kwa kuachana wiki kadhaa, na kila moja aiandike kubwa mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake. Akifika miaka 8 bado anageuza na silabi nyepesi zinamshinda, apimwe macho na masikio, na mwalimu wake ahusishwe.

Kwenye hesabu, hata mtoto mchanga hutofautisha vichache na vingi. Majina ya namba ndiyo kazi. Mwekee mbegu 10, sema: "Nipe tatu." Anayehesabu hadi ishirini kwa mdomo anaweza kukupa konzi nzima ya mbegu. Au mwache azihesabu, kisha uliza ni ngapi; akianza upya kutoka moja, hajajua kwamba neno la mwisho ndilo idadi. Hapo baki kwenye moja hadi nne hadi aelewe, usisonge mbele. Tunapendelea mbegu au kete kwa kuwa hazibadilishi namba: mbegu mbili, mbegu tatu. Vizibo viwili na mayai mawili vije baadaye.

Kwa makumi, funga vijiti 10 vya fagio la chelewa kwa raba. Kumi na tatu ni fungu moja na vijiti vitatu, na jina lenyewe linasema hivyo. Ishirini, thelathini na arobaini hazisemi, kwa hiyo anza na "makumi mawili", halafu "ishirini". Sitini, sabini na tisini ni rahisi zaidi. Sita, saba na tisa zinasikika ndani yake. Akiandika 205 kwa ishirini na tano, ameandika alichosikia, yaani 20 kisha 5. Mpe mafungu mawili na vijiti vitano, aandike idadi ya mafungu kwanza, vijiti pembeni yake.

Vidole mwachie avitumie. Ataviacha mwenyewe pindi jibu litakapokuja haraka kuliko kidole.