Somo: Kuitumia saa ya simu pamoja na sekstanti

Simu ikiwa na intaneti, saa yake ni sahihi kuliko jicho lako kwenye sekstanti, kifaa cha kupima kimo cha jua ili ujue ulipo baharini. Mambo hubadilika mtandao ukikatika. Hapo simu haina wa kumuuliza saa. Inabaki na kipande chake cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hicho hukimbia au huchelewa kidogo kila siku.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani dakika moja ya longitudo (sehemu ya 60 ya nyuzi moja) kila sekunde 4. Kwenye ikweta hiyo ni maili moja ya baharini. Saa ikichelewa sekunde 20, hesabu itakuweka maili 5 mashariki ya pale ulipo. Usiku, karibu na miamba, maili 5 zinatosha kupoteza chombo.

Hatua ya 1. Weka programu ya saa inayoonyesha sekunde, kwa UTC (saa ya kimataifa) na mtindo wa saa 24.

Hatua ya 2. Ukiwa bado bandarini, acha simu ijirekebishe kwa intaneti, kisha uilinganishe na saa ya redio ya masafa mafupi, kama WWV, kituo cha Marekani kinachotangaza saa, kwenye 10 MHz. Saa inayotumwa na mnara wa simu usiiamini peke yake. Yaweza kupotoka kwa sekunde kadhaa.

Hatua ya 3. Zima urekebishaji wa saa wa kiotomatiki, washa hali ya ndegeni, na usiiguse tena. Kila siku, wakati uleule, ilinganishe na redio na uandike daftarini. Tuseme siku ya 5 imechelewa sekunde 4, siku ya 10 sekunde 8. Basi huchelewa sekunde 0.8 kwa siku, na siku ya 20 utaongeza sekunde 16 kwenye kila usomaji.

Hatua hii ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo kazi yenyewe. Saa ya fundi Mwingereza John Harrison, iitwayo H4, iliposafirishwa kwenda Jamaika mwaka 1761, ilijulikana kuwa huchelewa zaidi ya sekunde mbili na nusu kila siku. Mwendo huo ulipoingizwa kwenye hesabu, baada ya siku 81 kosa lililobaki lilikuwa kama sekunde 5 tu. Saa inayochelewa kwa mwendo unaoujua inakufaa kuliko saa nzuri ambayo hujawahi kuipima.

Hatua ya 4. Wakati wa kupima, mshika sekstanti aite "Tayari!", na taswira ya jua kwenye sekstanti ikigusa upeo wa macho aite "Sasa!" Mwenzake asome sekunde kwanza, kisha dakika, kisha saa. Weka skrini isizimike yenyewe: kidole chenye maji ya chumvi hakifungui simu, na hadi ukikikausha kipimo kimeshaharibika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Simu yangu inapokea GPS hata bila mtandao. Si inatosha?
Jibu: Inasaidia sana, ila tumia programu inayosoma saa ya setilaiti moja kwa moja, maana si lazima saa kuu ya simu iifuate. Tena saa ya GPS imetangulia UTC kwa sekunde 18 tangu mwanzo wa 2017. Kipokezi huziondoa chenyewe kikishapata ujumbe kamili wa setilaiti, na ujumbe huo huchukua dakika 12 na nusu. Kiwashe mapema.

Swali: Nilipima nyumbani, lakini sitahani mwendo ukabadilika. Kwa nini?
Jibu: Joto. Kwatzi ya saa hutetemeka kwa kasi zaidi ikiwa karibu nyuzi 25 za Selsiasi. Ikipata joto zaidi au baridi zaidi, hupunguza. Simu iliyoachwa juani inaweza kuchelewa sekunde moja zaidi kwa siku. Ihifadhi ndani, kivulini, na uitoe wakati wa kupima tu.

Swali: Simu ikizima chaji katikati ya safari?
Jibu: Saa ya simu hiyo usiitegemee tena mpaka uilinganishe na redio. Latitudo bado unayo: jua la adhuhuri likifika juu kabisa hukaa karibu palepale kwa dakika kadhaa, na kimo chake hakihitaji sekunde. Longitudo ndiyo utakayoikosa, kwa hiyo chukua simu ya pili, iliyopimwa vilevile, yenye ukurasa wake daftarini.