Dirisha la vioo vya rangi la kumkumbuka bibi: kutoka mchoro hadi ukutani

Familia ianze kwa kukubaliana picha na maandishi. Mchoro wa rangi wa kipimo cha 1 kwa 10 upelekwe kwa baraza la kanisa, na kibali kiwe cha maandishi. Sura ya marehemu ikinakiliwa kutoka kwenye picha ya simu ni nadra imfanane. Afadhali mtu wa Biblia aliyefanana naye kwa matendo: Loisi, bibi yake Timotheo, kwa aliyelea ukoo katika imani, au Dorkasi kwa aliyewashonea wajane nguo.

Pima tundu la dirisha juu, katikati, chini na pembe kwa pembe, kwani kuta za zamani hazinyooki. Paneli moja, yaani sehemu ya dirisha iliyounganishwa, isizidi mita 1 kwa urefu. Iliyo kubwa zaidi huelemewa na uzito wake na kubinuka.

Kisha chora mchoro wa ukubwa kamili, na hapa usiharakishe. Fito za madini ya risasi zinazoshika vioo zina umbo la H, na ukuta wake wa katikati una unene wa karibu milimita 1.5. Mstari wa mchoro uwe na unene huohuo, nawe kata kioo kiishie kwenye ukingo wa mstari, bila kuufunika. Ukizidisha nusu milimita tu kila kipande, safu ya vipande 20 itazidi kwa sentimita 1 na paneli haitaingia. Epuka kona kali za kuingia ndani. Kioo hupasuka papo hapo.

Jina na miaka yake viwekwe chini, karibu na macho. Paka ukanda wote rangi nyeusi ya kioo, ikikauka kwangua herufi kwa kijiti chenye ncha. Kwangua nyembamba kuliko unavyotaka zionekane, kwa sababu mwanga husambaa na kunenepesha herufi. Choma tanurini kwa karibu nyuzi 650 za Selsiasi, uache ipoe polepole bila kufungua mlango. Rangi isiyoiva hubanduka, na jina la bibi hupotea nalo.

Ukishaunganisha vipande, lehemu kila kiungo pande zote mbili. Sugulia chini ya kingo za risasi puti laini ya unga wa chaki na mafuta ya kitani, kisha ilaze paneli wiki nzima. Bila puti, vioo hulegea na mvua hupenya. Osha mikono kabla ya kula, na watoto wasikaribie: risasi ni sumu.

Ukutani, funga paneli kwa waya wa shaba kwenye nondo za chuma kisichoshika kutu, kila sentimita 40 hivi. Nondo ya kawaida hushika kutu, huvimba na kupasua jiwe. Kioo cha kinga cha nje kiachiwe matundu ya hewa juu na chini.

Mchoro mkubwa na mabaki ya kila rangi ya kioo yatunzwe kanisani kwa ajili ya matengenezo.