Mudi ya hadithi usiitafute kwenye neno "huzuni"

Jamani mnaosoma fasihi, jana nilikuwa namsaidia mdogo wangu kazi ya shule hapa Moshi, akiulizwa mudi anakimbilia kutafuta neno huzuni au furaha kwenye stori, asipoliona anaandika tu toni ya mwandishi (hapana bwana, toni ni mwandishi anavyolichukulia jambo, mudi ni wewe msomaji unavyojisikia ukisoma).

Piga mstari chini ya vitenzi na vitu vidogovidogo, sauti, mwanga, hali ya hewa. Chukua stendi asubuhi: "makonda wanaitana, chai inafuka, mlima umetoka mweupe." Unachangamka. Sasa stendi hiyohiyo: "konda kaegemea mlango kimya, chai imepoa imeweka utando, wingu limemeza mlima." Hakuna aliyelia hapo lakini moyo unakuwa mzito, si ndio? Cheki na urefu wa sentensi, fupifupi mara nyingi zinaleta wasiwasi, ndefu zinatuliza, ingawa sio kila saa.

Halafu mudi ikigeuka katikati ya stori weka alama palepale, ujiulize nini kimetokea mstari wa juu yake.