Somo: Kumalizia digrii ya usimamizi wa biashara kwa mwaka mmoja, ukiwa Mtwara au Lindi

Somo hili ni la mwenye stashahada ya biashara, uhasibu, ugavi au masoko, aliye kazini Mtwara, Masasi, Newala, Lindi au Nachingwea, na ambaye ameona tangazo la kozi ya chuo cha Uingereza ya kumalizia digrii kwa mwaka mmoja, ile inayoitwa topapu. Kozi hiyo ipo kweli na ina heshima yake. Ila kabla hujauliza ada, toa cheti chako kwenye bahasha usome namba ya ngazi iliyoandikwa. Wengi wanaopoteza hela huwa wameipotezea hapo.

Hatua ya 1: Jua unasimama ngazi gani

Uingereza, digrii ya kwanza ya kawaida ina krediti (kipimo cha wingi wa kazi ya masomo) 360: 120 za ngazi ya 4, 120 za ngazi ya 5 na 120 za ngazi ya 6. Kozi ya kumalizia ni zile 120 za mwisho tu. Ni mwaka wa tatu ule ule wanaousoma wengine, haujapunguzwa kitu. Kwa hiyo chuo kinataka uthibitishe kwamba krediti 240 za mwanzo unazo, kwa mfano kwa kuwa na HND (stashahada ya juu ya Uingereza) ya biashara.

Hapa nchini ngazi za NTA (tuzo za taifa za elimu ya ufundi) zimepangwa hivi: 4 ni astashahada ya awali, 5 ni astashahada, 6 ni stashahada, 7 ni stashahada ya juu, 8 ni shahada. Sasa tazama mtego ulipo. Ngazi ya 6 ya Uingereza ndiyo mwaka wa kuhitimu digrii, wakati NTA 6 ni stashahada ya kawaida. Ngazi ya 5 ya kwao ni HND, NTA 5 ya kwetu ni astashahada. Namba zinafanana, uzito haufanani. Mwenye NTA 5 akiona tangazo linasema "wenye ngazi ya 5 wanakaribishwa" asidhani anaitwa yeye.

Mwenye NTA 6 je? Inategemea chuo. Vipo vinavyomtaka kwanza asome ngazi ya 5 ndipo aingie mwaka wa mwisho, na vipo vinavyopima transkripti somo kwa somo. Tuma transkripti kwa ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, uombe jibu la maandishi linalotaja kozi, ngazi ya kuanzia na idadi ya krediti walizokukubalia. Neno la wakala kwenye simu halihesabiki.

Pia pima njia ya nyumbani, na usiidharau. Mwenye NTA 7 hapa nchini anamalizia NTA 8 kwa mwaka mmoja, na hiyo ndiyo topapu yetu wenyewe. Mwenye NTA 6 huanza digrii ya miaka mitatu, akiwa na GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, D au zaidi, pamoja na namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Mtwara, Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kipo hapo hapo Mtwara chini ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), na Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi. Kama hesabu ya Uingereza itakupeleka ngazi ya 5 mwaka mmoja na kumalizia mwaka mwingine kwa pauni, linganisha na miaka mitatu ya hapa kwa shilingi kabla ya kuamua.

Hatua ya 2: Nani anatoa digrii?

Kuna karatasi inaitwa diploma ya ngazi ya 6. Ina krediti, ina namba 6, lakini si digrii. Taasisi zinazotoa diploma za namna hiyo England husimamiwa na Ofqual, mdhibiti wa mitihani na vyeti, na Ofqual haisimamii digrii. Digrii hutolewa na chuo chenye mamlaka ya kisheria ya kuitoa, na vyuo vya England vilivyosajiliwa huonekana kwenye rejesta ya Office for Students, mdhibiti wa elimu ya juu wa England. Litafute jina la chuo humo, herufi kwa herufi.

Mara nyingi anayefundisha ni kituo mshirika na anayetoa cheti ni chuo kikuu kingine. Hilo si kosa. Muulize huyo mshirika: jina gani litakuwa juu ya cheti, mkataba wao na chuo unaisha lini, na transkripti itatolewa na nani. Kisha mwandikie barua pepe chuo kikuu chenyewe umuulize kama mshirika huyo yupo kwenye orodha yake. Wasipokujibu, subiri. Usilipe.

Hatua ya 3: TCU kabla ya benki

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotambua shahada za nje. Matangazo ya ajira serikalini huagiza wazi kwamba vyeti vya vyuo vya nje vithibitishwe na TCU au NACTVET, na vya sekondari vya nje na NECTA. Katika kutambua, TCU hutazama pia vyeti ulivyoingilia, kwa hiyo tundu la nyuma halizibwi na karatasi mpya. Iandikie mapema, ukitaja chuo, kozi, namna ya kusoma (mtandaoni au darasani) na sifa zako za kuingia. Litunze jibu lao. Hatua hii inachukua muda, nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Hatua ya 4: Makaratasi

Cheti cha kidato cha nne, cha sita kama kipo, cheti na transkripti ya stashahada, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, wasifu wako, barua ya mwajiri na maelezo binafsi ya ukurasa mmoja. Skani kwa rangi kwenye steshenari, kila hati faili lake, uone kama mhuri unasomeka. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono hurudishwa.

Majina ndiyo yanayokwamisha watu. Kidato cha nne majina mawili, stashahada matatu, pasipoti yameandikwa kwa herufi tofauti. Tofauti ndogo ya herufi au jina la kati huwekwa sawa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kubadili jina kabisa kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Shughulikia hilo kabla ya kuomba, kwa sababu jina utakalosajiliwa nalo ndilo litakalochapwa kwenye digrii.

Kiingereza: vyuo vingi hudai alama ya 6.0 au zaidi ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza. Baadhi hukubali barua ya chuo chako inayosema stashahada ilifundishwa kwa Kiingereza. Iombe barua hiyo kwanza, inaweza kukuokolea safari ya Dar es Salaam na ada ya mtihani.

Hatua ya 5: Kulipa

Lipa kwenye akaunti yenye jina la chuo, si ya mtu. Ukituma kutoka benki, chagua makato yote yawe juu yako. Ukichagua kugawana, benki za katikati hukata njiani, ada inafika pungufu na usajili unabaki umefungwa kwa pauni chache tu. Kwenye sehemu ya maelezo andika namba yako ya mwanafunzi, halafu tunza nakala ya SWIFT, yaani uthibitisho wa benki kwamba fedha zimetumwa nje. Bajeti ipange kwa pauni na uache nafasi ya kuyumba kwa shilingi. Wakala wa hapa nchini anayekudai dola kwa huduma yake mwambie hapana: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni.

Hatua ya 6: Mwaka wenyewe

Krediti moja ni saa 10 za kazi. Krediti 120 ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 40 unapata saa 30 kila wiki, juu ya ajira yako. Asiyeweza kuzipata aombe mpango wa miaka miwili. Hakuna aibu hapo, na ni bora kuliko kukusanya sapu. Masomo huwa kama uongozi wa mabadiliko, mikakati, biashara ya kimataifa na mbinu za utafiti, kila moja krediti 20, kisha tasnifu. Ufaulu ni alama 40. Kazi iliyorudiwa kwa kawaida haipewi zaidi ya 40 hata ikiwa nzuri namna gani.

Saa. Tanzania iko mbele ya Uingereza kwa saa 3 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, na kwa saa 2 miezi mingine. Kazi inayotakiwa saa sita mchana ya London ni saa 9 alasiri ya Mtwara mwezi Januari, na saa 8 mchana mwezi Mei. Kosa jingine ni kusoma "4 pm" ukaona saa 4: hiyo ni saa 10 jioni ya kwao, sawa na saa 1 usiku ya kwetu wakati wa baridi yao. Jiwekee tarehe ya mwisho siku 2 kabla. Umeme ukikatika jioni ya kukusanya, mfumo haujui.

Kinachoshusha alama kuliko vyote ni kueleza badala ya kuchambua. Mfano, kuhusu AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima: "Mkulima hupeleka korosho AMCOS, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinanadiwa." Ni kweli tupu, lakini alama zake ni za chini. Uchambuzi unaanza unapouliza kwa nini mkulima anayeujua mnada bado anauza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya chini, ukaonyesha kwamba anahitaji fedha leo na malipo ya mnada yanakuja baadaye, ukapima nadharia ya mtaji wa uendeshaji kwa jambo hilo, kisha ukasema inapoishia kufaa. Watu wa kusini mna utajiri huo mlangoni. Utumieni, achaneni na mifano ya kampuni za simu za Marekani ambayo msahihishaji ameisoma mara mia.

Kazi za wengine zitajwe, hata ukibadili maneno. Asilimia ya Turnitin, programu inayokagua maandishi yaliyofanana na ya wengine, peke yake si hukumu. Anayesahihisha hutazama kilichofanana. Na usinunue kazi. England iliharamisha biashara ya kuwaandikia wanafunzi kazi zao mwaka 2022, na chuo kikigundua unafukuzwa.

Hatua ya 7: Tasnifu

Maneno 8,000 hadi 10,000 kwa kawaida. Mada iwe nyembamba: si "changamoto za korosho Tanzania", bali, tuseme, namna viongozi wa AMCOS tatu za Tandahimba walivyopokea mnada wa kielektroniki wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania) msimu wa 2024/2025. Kibali cha maadili cha chuo kitangulie. Data iliyokusanywa kabla ya kibali hukataliwa, na hakuna wa kukutetea. Ukikipata, chukua barua ya chuo uanzie ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, ushuke wilayani, kata, kijiji.

Oktoba hadi Desemba makatibu wa AMCOS wako kwenye mizani na minada, hawana nafasi nawe. Wafuate Februari au Machi, lakini uliza hali ya barabara kwanza, masika hayana subira. Dodoso na fomu ya ridhaa viandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, vyote vibandikwe kwenye viambatisho. Nukuu ya mhojiwa ibaki na Kiswahili chake pembeni ya tafsiri.

Maswali ya wanachama

*Shikamooni walimu. Nina stashahada ya NTA 6 yenye GPA 2.8. Nikisoma topapu ya nje nitakuwa nimeruka kigezo cha 3.0? (Masasi)*

Marahaba. Usiitegemee kama njia ya kuruka, maana TCU huangalia ulivyoingia. Waulize kwa maandishi kwanza. Hapa nchini ipo kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo hupokea wenye stashahada kuanzia GPA 2.0, na ukifaulu unaomba digrii.

*Mimi ni mtumishi wa halmashauri, nasoma jioni mtandaoni. Lazima nimwambie mwajiri? (Ruangwa)*

Ndiyo, dada, na uwe na barua. Usipokuwa kwenye kumbukumbu zao, siku ya kuomba kubadilishiwa muundo utaulizwa ulisoma lini na kwa ruhusa ya nani. Angalia pia kama muundo wa kada yako unaitaja digrii ya usimamizi wa biashara. Kuna kada zinazotaka uhasibu au ugavi mahsusi, na hapo digrii halali kabisa haikupandishi.

*Mtandao huku Liwale unakwama. Vipindi vya moja kwa moja nitaviweza? (Liwale)*

Uliza kabla ya kujisajili kama vipindi hurekodiwa na kama mahudhurio ya moja kwa moja yanahesabiwa. Vikirekodiwa, unga bando la usiku, pakua, tazama mchana. Weka laini mbili za mitandao tofauti. Kazi ikichelewa kwa sababu ya mtandao, piga picha ya skrini yenye saa na utume ombi la udhuru kabla muda haujapita. Vyuo vingi havihesabu bando kuisha kuwa udhuru.

*Daraja la digrii linahesabiwaje kama nimesoma mwaka mmoja tu? (Mikindani)*

Mara nyingi kwa alama za huo mwaka peke yake: 70 na kuendelea daraja la kwanza, 60 hadi 69 la pili juu, 50 hadi 59 la pili chini, 40 hadi 49 la tatu. Maana yake stashahada nzuri haikubebi. Tasnifu ikiwa ya krediti 40, ni theluthi nzima ya digrii yako. Mada ianze kutafutwa Novemba, kaka, usingoje Machi.