Filamu ya infraredi na jua la Bagamoyo: upige saa ngapi?

Roli yangu ya kwanza ya Rollei Infrared 400, filamu inayonasa hata infraredi, yaani mwanga tusiouona kwa macho, niliimalizia kwenye magofu ya Kaole, saa nane mchana, mwezi wa nne, wingu jembamba limetanda kama shashi. Kivuli changu nilikiona mchangani, hafifu, nikajiambia jua lipo. Picha zote 36 zikatoka za kijivu: minazi kijivu, kuta kijivu, anga kijivu. Na filamu yenyewe bei yake si mchezo! Siku hizi natazama kivuli kwanza. Kingo zake zikiwa zimekatika kama kwa wembe, natoa kamera. Zikififia, nakwenda zangu kula pweza.

Kinachong'arisha majani ni jua lenyewe linapoyapiga. Ndani ya jani miale ya infraredi hainyonywi kwa urahisi. Inagongana na kuta za seli na kurudishwa nje, ndiyo majani hutoka meupe. Wazungu huiita athari ya Wood, na Wood hapo si mbao bali Robert W. Wood, Mmarekani aliyechapisha picha za namna hii mwaka 1910. Mwanga unaotoka kwenye anga la buluu una infraredi kidogo sana. Kwa hiyo anga huwa jeusi, na chochote kilicho kivulini huzama gizani.

Saa zangu ni tatu hadi nne na nusu asubuhi, kisha tisa hadi kumi na nusu. Saa sita jua letu liko utosini: linapiga kilele cha mwembe, nawe uliyesimama chini unaona tumbo la majani tu, jeusi. Ufukweni ngoja alasiri. Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki, hivyo jua likiwa mgongoni kwako, anga la upande wa bahari linakolea na tanga la jahazi linawaka. Asubuhi jua liko usoni na anga hilohilo linatoka jeupe.

Sasa kipimo, hapa ndipo wengi tunapoliwa. Kipima mwanga hupima ule tunaouona kwa macho, si infraredi. Mimi natumia filta ya Hoya R72, inayozuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi, ambayo ukiitazama unaona kama nyeusi, kwa hiyo napima kabla ya kuifunga, ISO (wepesi wa filamu kwa mwanga) nimeiweka 12 badala ya 400 ili kufidia filta. Saa nne, jua safi, napata tundu la lenzi f/11 kwa 1/30 ya sekunde. Napiga hiyo, kisha moja ya stopu moja zaidi (mwanga mara mbili) na moja ya stopu moja pungufu (nusu yake).

Jioni mambo yanageuka. Jua likiinama, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi. Buluu inatawanyika njiani, infraredi inapotea kidogo tu. Kipimo kinakwambia mwanga umeshuka sana, kumbe kwa filamu haujashuka kiasi hicho. Ukikitii, majani yanaungua, yanabaki meupe bila mshipa hata mmoja. Kivuli changu kikifika mara mbili ya kimo changu, napunguza stopu moja: kipimo kikisema 1/8, mimi napiga 1/15. Stendi ya miguu mitatu ni lazima.

Fokasi nayo husogea. Kwenye lenzi yangu ya Nikon ya 50mm kuna nukta nyekundu pembeni ya mstari wa kawaida. Nalenga bila filta, kisha nahamishia umbali ule kwenye nukta. Kama lenzi yako haina nukta, funga tundu hadi f/11 au f/16.

Kuweka filamu usifanye juani. Plastiki yake ni angavu, mwanga huingia kwenye ulimi wake ukatambaa hadi ndani ya kopo. Mimi naingia chini ya mwembe na kujifunika kanga, kamera mapajani, watoto wakiuliza dada anaumwa nini.