Timu Ikipigwa Saba: Namna ya Kuwatoa Watu Kibandani Salama

Bao la tatu likiingia, acha kuhesabu pesa za mlangoni. Ingia ndani, usimame mahali unapoona nyuso za watu badala ya skrini. Nawaandikia wenzangu mnaoendesha vibanda vya kuonyesha mpira kwenye skrini kwa kiingilio, iwe Tororo, Busia, Mbale au Kasese, na nyinyi viongozi wa mashabiki ambao vijana wanawasikiliza. Kazi ya usiku wa kichapo inaanzia kwenye bao hilo la tatu. Ukingoja kipenga cha mwisho, umechelewa.

Kibanda changu kiko Malaba, upande wa Uganda, karibu na malori yanapopanga foleni ya mpakani. Wateja wangu ni madereva na matanboi, yaani wasaidizi wao, kutoka Mombasa, Kigali, Goma na Kampala, bodaboda wa hapa, wabadilishaji pesa, wabeba mizigo. Kila mtu ana lugha ya kwao, lakini mpira tunaubishania kwa Kiswahili. Wananiita Mama, hata wenye mvi kunizidi. Mimi ni wa Arsenal, na tarehe 28 Agosti 2011, Manchester United walipotufunga 8-2 pale Old Trafford, nililia mbele ya watu. Uchungu wenyewe naujua.

Timu ikifungwa bao moja la utata, shabiki ana refa wa kumlaumu. Ikifungwa saba hana wa kumlaumu, amebaki na aibu, na yuko katikati ya watu wanaomtazama. Aibu ya namna hiyo hutafuta mtu wa kumwangukia, na aliye karibu ni yule jirani aliyecheka. Hapa Uganda tumeshazika vijana waliouawa kwa ubishi wa timu za Uingereza, timu ambazo hawajawahi kuziona uwanjani. Ndiyo maana nasema huu ni ulinzi wa uhai wa watu, na anayewakusanya ndiye anayepaswa kuufanya.

Sehemu kubwa ya ulinzi huo hufanywa mchana, kabla mtu yeyote hajalipa. Tumia mabenchi marefu yaliyochimbiwa chini, kwa sababu kiti kimoja kimoja huinuliwa na kurushwa. Soda imiminwe kwenye vikombe vya plastiki, chupa zote zibaki kwako. Waragi, pombe kali yetu, haiingii, hata ile ndogo ya mfukoni. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70 pale Kyadondo na Kabalagala, Kampala, wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, wengi wetu tumezoea kukagua mlangoni, lakini mkaguzi wako aambiwe atafute pia visu na bisibisi. Bodaboda hutembea na bisibisi kwa kazi yake, kwa hiyo usimtukane, ipokee na umrudishie akitoka. Uwe na mlango wa pili, hata kama ni wa mabati, na ufunguo wake uwe mfukoni mwako.

Halafu umeme. Hakikisha Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti za kutosha na jenereta ina mafuta. Wengine huona hili ni jambo la biashara tu, lakini fikiria timu iko chini 4-0 na giza linaingia: waliofungwa watashangilia, waliokuwa wanashinda watadai umewakatia kusudi, na watu wote hao watakuwa gizani pamoja. Sijaona chanzo kibaya zaidi cha vurugu kibandani.

Sasa turudi kwenye bao la tatu. Washa balbu moja nyuma ya ukumbi. Mtu akijua anaonekana, mkono wake hutulia. Punguza sauti ya mtangazaji kidogo, usiizime. Kisha mtafute kiongozi wa wanaoshinda, huyo ndiye wa kuongea naye kwanza. Wengi hukimbilia kumtuliza aliyefungwa, na hapo wanamwongezea aibu, kwa sababu ukumbi wote sasa umegeuka kumtazama. Mwambie kiongozi wa washindi maneno mafupi: taniani timu, msimtanie mtu. “Beki yenu imelala” ni utani. Jina la mtu, kabila lake, mama yake au mfuko wake si utani, na anayevuka hapo anatoka nje bila kurudishiwa pesa. Sheria hiyo itangaze kila mechi kabla ya mpira kuanza, ili usiku wa kichapo isionekane imetungwa kwa ajili ya upande mmoja.

Tena usimwambie mtu “ni mpira tu.” Neno hilo limeleta ugomvi kuliko matusi mengi. Dereva amekaa kwenye foleni tangu alfajiri, mke yuko mbali, bosi anapiga simu kuuliza mzigo umefika wapi, na furaha yake ya wiki nzima ilikuwa dakika hizi 90. Ukimwambia ni mpira tu, umemwambia na furaha yake si kitu. Muulize badala yake: “Kaka, walikosea wapi?” Mwache aseme. Kila shabiki ni kocha, na akianza kueleza namna kiungo kilivyoachwa wazi, hasira inageuka kuwa hoja.

Jumapili ya tarehe 5 Machi 2023 nililiona hili kwa macho yangu. Liverpool walikuwa wanacheza na Manchester United pale Anfield, na wiki moja nyuma United walikuwa wamechukua Kombe la Ligi kwa kuwafunga Newcastle 2-0. Watu wa United walikuja wamevaa, wamejaa benchi za mbele kabla ya saa moja. Mapumziko ilikuwa 1-0, Liverpool mbele. Kipindi cha pili kilipoanza, Núñez wa Liverpool akafunga dakika ya 47, mwenzake Gakpo dakika ya 50, wakati wengine bado wako nje wanangoja rolex zao, chapati za mayai, zikunjwe. Waliingia na mayai ya moto mkononi wakakuta ni tatu.

Pale mbele alikuwapo dereva mmoja mtu mzima, wa Mombasa, na jezi yake nyekundu bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Bao la sita lilipoingia aliivua, akabaki na fulana ya ndani, akaikunja vizuri mikono kwa ndani, akaiweka gotini. Hakusema kitu. Vijana wa Liverpool nyuma yake wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kila wakifika sita wanamgusa bega. Nikamwendea mkubwa wao, kijana wa boda, nikamwambia sikioni, “Mwanangu, hesabuni mabao, lakini bega la mzee mliache.” Akawatuliza mwenyewe. Wangeweza kunibishia mimi, wasingeweza kumbishia yeye.

Nikampelekea yule dereva chai. Akasema, “Mama, Jumapili iliyopita tulichukua kombe.” Nikamjibu, “Ndiyo, na tulishangilia pamoja hapa.” Akanyamaza, kisha akaanza: wamepanda wote mbele, hakuna aliyerudi, wanapoteza mpira katikati na kutembea. Aliongea mpaka baada ya Firmino kufunga la saba, na wale vijana waliokuwa wanamgusa bega wakawa wanamuuliza maswali. Usiku ule hakuwasha lori. Alilala ndani yake hapo hapo kwenye foleni, asubuhi akanywa chai kwangu na kwenda zake Kampala.

Kipenga cha mwisho kikilia, usizime skrini. Kosa hili wenye vibanda wengi hulifanya kwa kutaka kufunga mapema au kuokoa umeme. Ukizima, pande mbili zinatoka dakika moja, kwa mlango mmoja, na kukutana barabarani gizani. Ukiiacha ikiwaka, walioshinda watabaki kuyatazama mabao yao tena na kumsikiliza kocha wao, wala hawana haraka. Waliofungwa hawataki kuyaona, watainuka wenyewe. Fungua ule mlango wa pili wapite kwa ustaarabu. Robo saa inatosha. Kabla ya kuwaruhusu washindi, tuma mtu nje aone kama njia imetulia, na uwakataze kuandamana. Januari ile ile ya 2023 Arsenal tuliwafunga United 3-2, na polisi wa Jinja wakawakamata mashabiki wenzangu wanane waliotembea mitaani na kombe la kubuni bila kibali. Furaha ni haki yako, lakini ishangilie ndani. Namba ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na ya kituo cha polisi ziwe kwenye simu yako, na wajue mapema kuwa kuna mechi kubwa.

Barabara yetu usiku ni ya malori. Bodaboda aliyefungwa asibebe abiria papo hapo. Mkalishe, mpe chai hata ya deni. Wapo pia wanaopeleka hasira nyumbani. Kuna wake wanaojua matokeo kwa namna mlango unavyofunguliwa, na mimi kama mwanamke siwezi kuliruka hili. Wateja wa namna hiyo unawafahamu, mtaa wote unawafahamu. Mwombe mzee wa jirani yake atembee naye mpaka mlangoni, aingie, amsalimu mama wa nyumba, akae kidogo. Mtu akifika na mgeni hupunguza sauti.

Sasa jambo zito kuliko yote: pesa. Anayepiga kelele na kumtukana kocha anaumia kwa ajili ya mpira, na atapoa. Aliyenyamaza akiitazama simu mkononi, huyo nenda ukae naye. Amebeti. Muulize mambo mawili tu, kwa sauti ya chini: ni kiasi gani, na ilikuwa ya nani? Kama ni yake, ataumia lakini atalala. Kama ni ada ya mtoto, marejesho ya mkopo wa pikipiki au pesa ya mafuta ya bosi, usimwache aondoke peke yake. Tanboi mmoja aliweka posho ya safari nzima, yake na ya dereva wake, kwenye timu iliyokuja kuzabwa mabao matano. Alitaka kukimbilia Tororo usiku ule ule, aache lori na kazi. Nilikaa naye tukampigia dereva simu mimi nikiwa pembeni. Dereva alifoka sana, na alikuwa na haki ya kufoka, kisha wakakubaliana akatwe kidogo kidogo. Simu hiyo lazima ipigwe usiku huo huo, kwa sababu siri ikilala inazaa uongo wa asubuhi.

Usimkopeshe mtu wa namna hiyo hata shilingi 2,000. Mechi ya Uingereza ikiisha saa tatu na nusu, mara nyingi kuna ya Hispania saa tano, naye anaamini hiyo ndiyo itakayomrudishia. Kaa naye mpaka saa tano ipite. Tena usiruhusu wakala wa kubeti akae ndani ya kibanda chako, hata akikulipa kodi nzuri. Sheria yetu ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kubeti, na ukitazama benchi zako utaona wengi hawajafika huko.

Cranes, timu yetu ya taifa, wakifungwa mambo ni tofauti, kwa sababu ukumbi wote umefungwa. Hakuna wa kumzuia kutania, isipokuwa jirani zetu waliovuka kutoka upande wa Kenya, na hao waombe mapema wawe waungwana. Hatari ya usiku huo ni watu kukata tamaa na kuanza kutafuta msaliti. Tarehe 4 Agosti 2025, mechi yetu ya kwanza ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, tena kwenye uwanja wetu wa Namboole, Algeria walitufunga 3-0. Watu walitaka kocha afukuzwe kabla ya kulala, wengine wakaapa hawatatazama tena. Nilichofanya ni kuweka chai kwenye sufuria kubwa na kuwaacha waseme, nikikataza jambo moja tu, kumwita mchezaji msaliti. Tarehe 8 tukawafunga Guinea 3-0, na walioapa walikuwa wa kwanza mlangoni.

Asubuhi baada ya kichapo, futa ubao wa nje mapema. Usiandike matokeo, kila mtu anayajua. Andika mechi ijayo na saa yake, ukikumbuka kwamba Uingereza hubadilisha saa Machi na Oktoba, kwa hiyo Machi mechi ya saa tisa na nusu huwa ya saa nane na nusu, na Oktoba hurudi saa tisa na nusu. Kagua mabenchi, na lililovunjika mwite aliyelivunja alitengeneze kwa mikono yake badala ya kulilipia.

Kisha angalia nani hajaonekana. Kijana akipotea wikendi mbili mfululizo, usimpigie simu wewe, atadhani unadai. Mtume rafiki yake wa timu pinzani, yule aliyemcheka zaidi, aende amwambie kwamba Mama anasogeza dishi Jumamosi na hana mtu wa kumshikia ngazi.