Jinsi ya Kulinda Utambulisho na Akiba ya Mwanachama wa SACCO Dhidi ya Matapeli wa Mtandaoni

Utambulisho wa mwanachama wa SACCO, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, siku hizi umesimama juu ya vitu vitatu: namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya uanachama, na laini ya simu inayopokea ujumbe wa chama. Mwenye kuvikusanya vyote vitatu anaweza kuomba mkopo wa simu, kukubali udhamini wa mkopo wa mtu mwingine, au kutoa pesa kwenye akaunti ya akiba ya kawaida, naye hajakanyaga ofisi. Mwongozo huu umeandikwa kwa wanachama wa hapa Mombasa na kwa makarani wanaowahudumia, na unafuata njia moja tu, nayo ni kuvitenganisha vitu hivyo visikutane mkononi mwa mtu asiye mwenyewe.

Tuanze na kitambulisho, kwa kuwa ndicho kilichokwisha kuenea zaidi. Mtu mwenye shughuli mjini huandika namba yake kwenye daftari la mlinzi kila anapoingia jengo la Moi Avenue, huitaja kwa wakala wa M-Pesa pale Mwembe Tayari huku foleni nzima ikisikia, na huiacha kwenye kompyuta ya saiba alikokwenda kuchapisha fomu. Ushauri wangu ni kwamba uihesabu namba hiyo kuwa kitu kinachojulikana tayari. Mtu akikupigia simu na kuitaja sawasawa, pamoja na majina yako yote matatu, hilo si ushahidi kwamba ametoka kwenye chama chako.

Picha ya kitambulisho chenyewe, pande zote mbili, bado inafaa kulindwa. Dalali wa nyumba au wakala wa kazi za nje akikuomba nakala, iandike kwanza kwa kalamu, maneno yakikatiza juu ya karatasi bila kufunika jina wala sura, kwamba imetolewa kwa ajili ya kukodi nyumba au kuombea kazi peke yake, pamoja na tarehe. Nakala ya namna hiyo humtia tapeli taabuni akiifikisha kwa afisa wa mikopo. Ukitumia saiba, futa faili ulilolifungua, kisha ulifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta, na kama uliunganisha WhatsApp yako pale, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako na uiondoe ile kompyuta kabla hujatoka mlangoni.

Orodha za chama

Hapa inafaa kukaa zaidi, kwa sababu ndipo vyama vingi vinapojidhuru vyenyewe. Karani au katibu, kwa nia njema ya kuwakumbusha waliochelewesha michango, hutuma kwenye kundi la WhatsApp ukurasa mzima wenye majina, namba za vitambulisho, namba za uanachama, namba za simu, akiba na salio la mkopo la kila mtu. Kundi lile lina wanachama hai, waliojitoa zamani, na namba nyingine ambazo hakuna anayejua ni za nani. Tangu dakika hiyo, tapeli amebakiwa na kazi ya kuipata laini tu. Tena anajua ni nani mwenye akiba kubwa na nani anayesubiri mkopo, na hayo ndiyo yanayoifanya simu yake ya kesho isikike kama simu ya ofisini. Karatasi ya mahudhurio inayozungushwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ikiwa na namba za vitambulisho vya watu wote, ni hatari ileile kwa umbo jingine, kwani hupigwa picha kwa nukta moja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakihesabu chama kuwa mwenye dhamana ya taarifa za wanachama wake. Kinapaswa kukusanya zile tu kinazozihitaji na kuzilinda, na taarifa zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu chama kilipojua, nao walioguswa waambiwe. Kwa hiyo kila mwanachama atumiwe taarifa yake peke yake. Orodha ya mkutano iwe na jina na sahihi, basi. Kundi la chama lipangwe ili viongozi pekee ndio waandike matangazo, na waliojitoa waondolewe.

Kundi hilo lina hatari nyingine. Tapeli huchukua picha ya mwenyekiti au mweka hazina, akaiweka kwenye namba mpya, kisha akawaandikia wanachama mmoja mmoja kwamba namba yake ya zamani imeharibika na kwamba michango ya mwezi huu ipelekwe kwenye namba nyingine ya malipo. Chama kiamue, na kitangaze kwenye ubao wa ofisi, kwamba namba ya malipo haibadilishwi kwa WhatsApp kamwe. Mabadiliko hayo yatoke kwa barua yenye sahihi na muhuri, na kwa ujumbe wa jina lilelile ambalo chama hulitumia siku zote. Mwanachama naye, kabla ya kutuma pesa, asome jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Likiwa la mtu binafsi ilhali yeye analipa chama, asimamishe hapo hapo.

Kwa makarani nasisitiza fomu moja kuliko zote, nayo ni ile ya kubadilisha namba ya simu ya mwanachama. Ipokewe kutoka kwa mwanachama mwenyewe aliyefika na kitambulisho halisi, sura na sahihi zilinganishwe na zilizo kwenye faili, ujumbe wa taarifa upelekwe kwenye laini ya zamani pia, na mtumishi wa pili aidhinishe. Baada ya mabadiliko, mikopo ya simu na utoaji wa pesa kupitia laini mpya usifunguliwe siku hiyohiyo. Mwanachama mwenye haraka atanung'unika, lakini ucheleweshaji huo humpa mwenye laini ya kweli nafasi ya kulalamika. Kila karani atumie neno la siri lake mwenyewe, na anayeacha kazi afungiwe mfumo siku ileile anayoondoka.

Laini ya simu

Hiki ndicho kitu cha tatu, na ndicho unachoweza kukifunga barabara. Tapeli huipata laini yako kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kuiba simu, iwe kwenye msukumano wa feri ya Likoni au sokoni Kongowea, kisha kuitoa kadi na kuitia kwenye simu nyingine ili apokee namba za uthibitisho. Dawa yake ni kuiwekea kadi ya simu namba yake ya siri, ambayo ni tofauti na ile ya kufungulia kioo. Uitafute kwenye mipangilio ya usalama, lakini ujue kwanza namba ya awali iliyokuja na kadi, kwa maana ukikosea mara tatu utadaiwa namba ya PUK, ile ya kuifungulia kadi iliyojifunga.

Njia ya pili ni kubadilishiwa laini, ambapo tapeli hujifanya wewe na kupewa kadi mpya yenye namba yako. Mwenye laini ya Safaricom apige *100*100# ili laini yake isiweze kubadilishwa kwa wakala, bali kwa yeye mwenyewe kufika kwenye duka la kampuni. Pia piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, iripoti.

Wapo pia wanaokutaka uifungue laini kwa mkono wako. Mpigaji hujitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja na kukuomba ubonyeze namba zinazoanza na *21*, nazo huzielekeza simu zako zote kwake. Safaricom huwapigia wateja wake kutoka 0722 000 000, na hata namba hiyo ikitokea, namba ya siri na namba ya uthibitisho ya mara moja hazisemwi kwa mtu yeyote, awe karani, meneja au jamaa. Ukishuku kwamba simu zako zimeelekezwa kwingine, piga *#21# kukagua na ##002# kufuta. Ujumbe wa ulaghai utume kwa 333, bila malipo.

Jambo linalosahauliwa sana Pwani ni laini za walioenda kufanya kazi Saudia, Qatar au Dubai. Kuna anayemwachia mdogo wake laini pamoja na namba ya siri ili alipe karo, na kuna anayeiacha izimike kabisa. Huyo wa kwanza amekikabidhi kitu cha tatu kwa mkono wa mwingine. Huyo wa pili hajui kwamba laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kuigawa kwa mteja mwingine, na mteja huyo akaanza kupokea ujumbe wa akaunti isiyo yake. Kabla ya kusafiri, pita ofisini uombe huduma za simu za akaunti yako zisimamishwe au zihamishiwe kwenye laini utakayokwenda nayo, na kama kuna wa kulipiwa nyumbani, acha maagizo ya maandishi yenye kiwango na jina la anayelipwa.

Udhamini na vyama vya kubuni

Udhamini siku hizi huombwa kwa ujumbe wa simu: jina la mkopaji, kiasi, kisha ubonyeze kukubali. Ukibonyeza, akiba yako imefungwa mpaka mkopo ule ulipwe. Usikubali kabla hujampigia mkopaji kwa namba uliyo nayo wewe mwenyewe na ukaisikia sauti yake, kwa kuwa ombi linaweza kutoka kwa aliyeiba simu ya rafiki yako. Ukiupokea ujumbe wa kukushukuru kwa udhamini ambao hukuutoa, hilo ni tukio la dharura, na halingoji Jumatatu.

Kuhusu kurasa zinazotangaza mikopo ya haraka kwa jina la SACCO na kudai ada ya bima au usajili itangulie, sheria ni fupi: usitume. SASRA, mamlaka ya serikali inayosimamia SACCO, hutoa orodha ya vyama ilivyovipa leseni au idhini. Chama kidogo kinaweza kukosekana humo kihalali, kwani visivyopokea amana za kutolewa na vyenye akiba chini ya shilingi milioni 100 huwa chini ya Kamishna wa Ushirika. Lakini chama kinachosajili wanachama kupitia mtandaoni kinatakiwa kuwa na idhini ya SASRA, hata kikiwa kidogo.

Utapeli ukitokea

Dalili ya kwanza ni simu kukosa mtandao ghafla mahali ambapo walio kando yako wanao. Azima simu, ipigie kampuni ya simu ili laini ifungwe, kisha kipigie chama chako ili akaunti ifungwe, kwa mpangilio huo, kwa sababu laini ndiyo mlango unaotumika wakati ule. Pesa ikiwa imetumwa kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba irudishwe, na ufanye hivyo kabla hujaanza kuwaeleza watu yaliyokupata, kwani anayeipokea huitoa upesi.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, utoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na unaweza pia kuwapigia DCI, idara ya upelelezi wa jinai, bila malipo kwa 0800 722 203. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya mwaka 2018 inauadhibu wizi wa utambulisho kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokutia aibu. Siku hiyohiyo, kiandikie chama barua inayotaja namba ya OB, saa ya tukio na miamala unayoikana, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wiki chache baadaye omba ripoti yako ya mikopo kwenye ofisi za taarifa za mikopo zilizoidhinishwa, yaani Metropol, TransUnion na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Ukikuta mkopo usioujua, upinge kwa maandishi ukiambatisha nakala ya OB na ile barua. Chama kisipojibu, malalamiko ya pesa yapeleke SASRA, au kwa Kamishna wa Ushirika ikiwa chama hakiko chini ya SASRA, na malalamiko ya kuvuja kwa taarifa zako yapeleke kwa Kamishna wa Data.